Kisafirishi cha Mteremko: Maana, Uchaguzi na Istilahi Zake

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza chombo kimoja kinachotumika maghalani, viwandani na bandarini kwa kupitishia mizigo bila ya injini wala umeme, kisha kupendekeza istilahi za Kiswahili za kukitaja chombo hicho pamoja na sehemu zake. Mambo haya mawili tumeyaweka pamoja kwa makusudi. Mfasiri asiyekijua chombo hawezi kukipa jina. Na afisa anayeandika hati ya zabuni kwa jina lililokosewa huishia kununua chombo kingine.

Haja ya kazi kama hii imeongezeka tangu mwaka wa 2021, Bunge lilipobadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili huenda ukafika mbele ya hakimu ukiwa katika Kiswahili hicho hicho. Neno lenye maana mbili, ambalo zamani lilimsumbua mfasiri peke yake, sasa linaweza kuwagharimu mnunuzi na muuzaji.

Mifano yetu tumeichukua Kigoma, Ujiji na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Huko reli ya kati inakomea, na shehena inayokwenda Bujumbura, Uvira, Kalemie au Mpulungu haina budi kutoka katika behewa na kuingia katika chombo cha majini. Penye kubadilisha chombo ndipo penye kubeba, na penye kubeba ndipo linapozuka swali letu.

Kutwika na kutua

Kiswahili ni tajiri wa maneno ya kuchukua mizigo. Mtu hubeba, hupagaa, hueleka, hukokota, husukuma na kuhimili. Hujitwika mzigo kichwani juu ya kata, au hushirikiana na mwenzake kwa mpiko. Utajiri huu haukutoka hewani. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka wa 1858, na Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone hapo hapo mwaka wa 1871, kila bidhaa iliyotoka pwani ilikuwa imefika mabegani na vichwani mwa wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani takriban kilo 32.

Reli ilipofika Kigoma mwaka wa 1914, safari ndefu ya mpagazi ilikwisha. Meli iliyokuja kuitwa Liemba ililetwa kwa njia hiyo, imefunguliwa vipande vipande ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka wa 1915. Lakini safari fupi ya mtu aliyebeba mzigo haikukwisha. Kutoka beheweni hadi ghalani, kutoka ghalani hadi gatini, kutoka gatini hadi mashuani, kuli aliendelea kupokea pale alipoachia mpagazi. Tena mfuko mmoja wa saruji una kilo 50, uzito unaozidi ule wa mzigo wa mpagazi, ingawa hubebwa hatua chache tu. Mwaka wa 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kuwa mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mfuko wa saruji unaukaribia mpaka huo. Gunia la lumbesa aghalabu huuvuka.

Ni vema tuangalie vitenzi viwili kati ya hivyo vya kale: kutwika na kutua. Kila mzigo unaosafirishwa na binadamu una sehemu tatu: kutwikwa, kuchukuliwa na kutuliwa. Mgongo huumia zaidi mwanzoni na mwishoni, mtu anapoinama kuinua na anapoinama kushusha. Chombo tunachokieleza huondoa sehemu ya katikati tu. Kutwika na kutua hubaki. Kwa hiyo anayekichagua asiulize tu kitapitisha magunia mangapi kwa saa. Aulize pia mtu atasimama wapi mwanzoni, mwenzake atasimama wapi mwishoni, na mzigo utakuwa katika kimo gani mikononi mwao. Chombo ambacho mwisho wake uko usawa wa kifundo cha mguu hakikumsaidia aliyesimama hapo; kimemharakishia maumivu.

Chombo chenyewe na namna kinavyofanya kazi

Chombo hiki ni fremu ndefu ya chuma au ya alumini iliyosimamishwa juu ya miguu, upande mmoja ukiwa juu kidogo kuliko wa pili. Juu ya fremu pana rola au magurudumu madogo yanayozunguka kwa wepesi. Mzigo ukiwekwa upande wa juu, uzito wake wenyewe huupeleka upande wa chini. Hakuna mota, hakuna mkanda, hakuna mafuta ya dizeli. Katika mkoa kama Kigoma, ambao kwa miaka mingi ulipata umeme wa jenereta za dizeli, faida ya chombo kisichodai umeme haihitaji maelezo marefu.

Hata hivyo chombo hiki kina sharti moja lisiloepukika: hupeleka mizigo chini tu. Mji wa Kigoma umejengwa juu ya vilima vinavyoinamia ziwani, kwa hiyo shehena inayotoka nchi kavu kwenda majini hupata mteremko wa asili. Shehena inayotoka ziwani kupanda nchi kavu haipati msaada huo. Mnunuzi anayetaka chombo kimoja kitumike pande zote mbili lazima aambiwe mapema kwamba kwa safari ya kupanda atahitaji mashine ya kuinulia au nguvu za watu.

Kwa nini tusiseme "mvutano"

Jina la Kiingereza la chombo hiki limejengwa kwa maneno mawili: moja linataja nguvu ya dunia inayovuta vitu vyote kuelekea chini, la pili linataja chombo cha kupelekea. Mfasiri mwenye haraka atachukua neno "mvutano" kwa lile la kwanza na "mkanda" kwa lile la pili, apate "mkanda wa mvutano". Tunaona kwamba jina hilo lina makosa matatu.

Kosa la kwanza limo katika neno "mkanda". Mkanda ni kitu kirefu, chembamba na chenye kukunjika, kama ule wa kiunoni au ule wa mpira unaozungushwa na mota kiwandani. Katika chombo chetu hakuna kitu kama hicho. Muuzaji akiombwa mkanda ataleta mkanda, pamoja na mota yake na haja yake ya umeme. Na akishtakiwa, atakuwa na haki ya kusema kwamba alileta alichoombwa.

Kosa la pili limo katika neno "mvutano", ambalo tayari limebeba kazi nyingi. Katika fizikia hutaja nguvu ya dunia. Kwa fundi wa mitambo hutaja kukazwa kwa kamba au mkanda. Katika mazungumzo ya kawaida hutaja ugomvi wa pande mbili zisizokubaliana. Mkanda wa mashine kweli una mvutano, tena hupimwa na kurekebishwa. Kwa hiyo fundi akisoma "mkanda wa mvutano" anaweza kuelewa kitu kingine kabisa, wala hatakuwa mjinga kwa kufanya hivyo.

Kosa la tatu ndilo kubwa zaidi. Nguvu ya dunia ipo kila mahali na haichaguliwi. Ipo juu ya mkanda wa mota, ipo sakafuni, ipo begani mwa kuli. Mnunuzi hawezi kuipunguza wala kuiongeza. Anachoweza kuchagua, kupima kwa kamba na kuandika katika hati ni mteremko. Jina linalotaja mvutano humwonyesha msomaji sababu iliyo mbali. Jina linalotaja mteremko humwonyesha kipimo kilicho mkononi mwake.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi "kisafirishi cha mteremko". Neno "kisafirishi" limeundwa kwa kanuni inayojulikana na kila mwalimu wa sarufi: kama kiunganishi ni kile kinachounganisha na kiwakilishi ni kile kinachowakilisha, basi kisafirishi ni kile kinachosafirisha. Litafaa kuwa jina la jumla la vyombo vyote vya namna hii, nasi tutapata kwa urahisi "kisafirishi cha mkanda" na "kisafirishi cha mota" kwa vile vingine.

Huenda msomaji akapinga kuwa hivyo tumeliacha neno la asili. Ni kweli, lakini istilahi hufasiri dhana, haifasiri silabi za lugha nyingine. Wajerumani, ambao ndio waliojenga reli ya kufika Kigoma, huiita aina moja ya chombo hiki kwa jina lililoundwa kwa neno la rola na neno la njia, basi. Nguvu ya dunia hawakuitaja.

Aina tatu na vitenzi vyake

Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha aina za chombo hiki vizuri. Kitu kinaweza kuserereka, yaani kuteleza taratibu kutoka juu kuja chini. Kinaweza kubingirika, yaani kwenda kwa kuzunguka. Kinaweza pia kuporomoka, yaani kushuka kwa kishindo bila ya kuzuilika. Mbili za kwanza ni kazi. Ya tatu ni ajali.

Aina ya kwanza ni mserereko. Huu ni mfereji wa bati au wa mbao laini usiokuwa na rola. Mzigo huserereka juu yake, kitako kikigusana na bati muda wote. Msuguano wake ni mkubwa, kwa hiyo mteremko wake hauna budi kuwa mkali: kwa magunia juu ya bati, aghalabu nyuzi 20 hadi 30. Mserereko hufaa kwa magunia na vifurushi visivyovunjika. Ni wa bei nafuu, hauna kitu cha kuharibika, lakini huudhibiti mzigo kidogo sana.

Aina ya pili ni njia ya rola. Rola ni mapipa membamba yaliyolazwa kukingama fremu, kila moja likizunguka juu ya ekseli yake kwa msaada wa beringi. Hapa kinachobingirika ni rola. Mzigo wenyewe hukaa wima na kupita juu yake. Njia ya rola hufaa kwa mizigo mizito, na kwa mizigo ambayo kitako chake si bapa kabisa, kama pipa la chuma lenye ukingo.

Aina ya tatu ni njia ya magurudumu. Badala ya rola nzima, kila ekseli hubeba magurudumu madogo kadhaa yaliyoachana, na kila gurudumu huzunguka peke yake. Ni nyepesi, watu wawili huweza kuibeba na kuihamisha, na mzigo huanza kwenda kwa mteremko mdogo zaidi. Hufaa kwa makasha ya karatasi ngumu yenye kitako bapa. Haifai kwa magunia, maana gunia huzama katikati ya magurudumu na kukwama. Wala haifai kwa pipa lenye ukingo, maana ukingo hunasa.

Iangaliwe kwamba njia ya rola ikilazwa sawasawa bila ya mteremko, na mzigo ukasukumwa kwa mkono, bado ni njia ya rola lakini si kisafirishi cha mteremko tena. Majina mawili yana kazi mbili: moja hutaja umbo, la pili hutaja nguvu inayoendesha. Mfasiri asiyachanganye.

Mambo ya kuangalia wakati wa kuchagua

(1) Kitako cha mzigo. Jambo la kwanza si uzito, bali ni kitako. Kanuni inayokubaliwa na wahandisi ni kwamba wakati wote mzigo uwe juu ya rola tatu au zaidi. Ukiwa juu ya mbili tu, mzigo utainama kila unapoifikia rola mpya, na mwisho utakwama au utaanguka. Kwa hiyo chukua urefu wa kitako cha mzigo mfupi kuliko yote, ugawe kwa tatu. Jibu ndiyo nafasi kubwa inayoruhusiwa kati ya kiini cha rola moja na kiini cha rola inayofuata. Kasha la sentimita 30 linataka rola zilizoachana sentimita 10 au pungufu. Dumu la mafuta ya mawese lenye kitako cha sentimita 24 linataka sentimita 8 au pungufu. Tena, kwa kuwa dumu ni refu kuliko lilivyo pana, ni afadhali madumu kadhaa yapangwe pamoja juu ya ubao mmoja.

Gunia lataka uangalifu wa pekee. Kitako chake ni laini na hufuata mabonde yaliyo kati ya rola. Mfuko wa saruji uliojaa vizuri hupita juu ya rola zilizokaribiana. Gunia la dagaa, ambalo ni kubwa lakini jepesi, hupita kwa shida. Lumbesa, iliyovimba pande zote na kuongezewa kilemba juu, haina kitako cha kuzungumzia. Mizigo ya namna hiyo ama iwekwe juu ya ubao, ama ipelekwe kwa mserereko.

(2) Uzito. Ikiwa mfuko wa kilo 50 uko juu ya rola tatu, kila rola hubeba kiasi cha kilo 17. Lakini mzigo haukai sawasawa daima, kwa hiyo ni busara kukadiria kwamba rola mbili tu ndizo zinazobeba, yaani kilo 25 kila moja. Fremu nayo ikadiriwe ikiwa imejaa. Katika mita 3 za fremu hupangika mifuko minne ya urefu wa sentimita 75. Hizo ni kilo 200 kati ya mguu na mguu. Hati ya zabuni inayotaja uzito wa mfuko mmoja tu imesahau mitatu.

(3) Mteremko. Kwa njia ya rola na makasha ya kawaida, wahandisi huanza na sentimita 3 hadi 5 za kushuka kwa kila mita moja, kisha hujaribu kwa mzigo wenyewe. Tuseme sakafu ya behewa iko mita 1.1 kutoka chini, na meza ya kupokelea ghalani iko mita 0.7. Tofauti ni sentimita 40. Kwa mteremko wa sentimita 4 kwa mita, njia hiyo itafika mita 10 na haitazidi. Ghala likiwa mbali zaidi, lazima mwanzo uinuliwe, mwisho ushushwe, au mzigo usukumwe kwa mkono mahali fulani. Hapa ndipo swali la kutwika na kutua linaporudi: kila sentimita inayoongezwa juu hutwikwa na mtu, na kila sentimita inayopunguzwa chini huinamiwa na mwingine.

Kuna jambo linaloshangaza wengi: mzigo mwepesi huhitaji mteremko mkali kuliko mzigo mzito, maana hauna uzito wa kutosha kuzizungusha rola. Njia iliyopimwa kwa makasha mepesi ya sabuni itaukimbiza mfuko wa saruji, na njia iliyopimwa kwa saruji itakwamisha sabuni. Ghala linalopokea mizigo ya kila namna lisitarajie njia moja ifae yote. Linunue fremu ambayo miguu yake hurefushwa na kufupishwa.

(4) Kona. Penye kona, rola za kawaida huupeleka mzigo upande na kuugonga ukingoni, kwa sababu upande wa nje una njia ndefu kuliko wa ndani. Rola za kona huwa na umbo la pia lililokatwa ncha: nyembamba upande wa ndani, nene upande wa nje. Njia ya magurudumu haina haja ya umbo hilo, maana gurudumu la nje huzunguka kwa kasi yake na la ndani kwa kasi yake. Upana wa fremu uzidi upana wa mzigo kwa sentimita 5 hivi penye njia iliyonyoka, na zaidi ya hapo penye kona.

(5) Maji ya ziwa. Jambo hili haliandikwi katika vitabu vya viwanda vya ng'ambo, lakini katika ufuko wa Tanganyika haliwezi kuachwa. Kimo cha ziwa hupanda na kushuka kila mwaka kwa kiasi cha nusu mita hadi mita moja. Maji huwa juu mwishoni mwa masika, kama mwezi wa Mei, na huwa chini kabla ya vuli kukolea, kama Oktoba na Novemba. Tena yako mabadiliko makubwa ya miaka mingi. Baada ya mto Lukuga kufunguka mwaka wa 1878, ziwa lilishuka takriban mita 10 katika muda usiofika miaka ishirini. Ndiyo maana mahali pa kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji pako mbali na maji siku hizi. Miaka ya 2020 na 2021 maji yalipanda tena na kuingia katika makazi na mialo ya ufukoni.

Tuseme mserereko umewekwa kutoka gatini hadi sitaha ya mashua, nao unavuka mita 4 kwa mlalo. Mwezi wa Mei sitaha iko mita 1.2 chini ya gati: mteremko ni kiasi cha nyuzi 17, na yamkini gunia litakwama. Novemba sitaha imeshuka hadi mita 2: mteremko ni kiasi cha nyuzi 27, na gunia litaserereka vizuri. Chombo ni kile kile, mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni ziwa. Anayepima mteremko mara moja, siku ya kununua, amenunua chombo cha msimu mmoja.

(6) Vumbi, kutu na mafuta. Vumbi la saruji huingia katika beringi na kuzikausha. Maji ya dagaa hutia kutu. Mawese yakimwagika hufanya rola ziteleze chini ya mzigo. Hati itaje ikiwa beringi zimefunikwa, na ikiwa chuma kimepakwa zinki au rangi tu.

Kizuizi na breki

Tumeliacha hili mwisho kwa sababu hapa kosa la tafsiri linaweza kumvunja mtu mguu. Mwishoni mwa kisafirishi huwekwa kipande cha chuma au cha ubao kinachousimamisha mzigo usianguke. Hicho tunapendekeza kiitwe "kizuizi". Njiani, hasa kwa mizigo mizito, huwekwa rola maalumu zinazopunguza mwendo kabla mzigo haujafika mwisho. Hizo tunapendekeza ziitwe "rola za breki". Vyote viwili huzuia kwa maana ya jumla, na mfasiri anaweza kushawishika kuviita kwa jina moja.

Asifanye hivyo. Nguvu inayotosha kuanzisha mwendo wa mzigo ni kubwa kuliko inayohitajika kuuendeleza. Kwa hiyo mteremko unaoutikisa mzigo uliosimama huendelea kuuongezea kasi unapokwenda. Mzigo ulioshuka mita 2 bila ya msuguano wowote hufikia kasi inayozidi kilomita 22 kwa saa. Msuguano hupunguza, lakini hauondoi. Mnunuzi aliyehitaji breki akapewa kizuizi amepata ukuta wa kugongwa na mifuko ya kilo 50, na pale penye ukuta ndipo aliposimama mtu wa kutua. Hapo mzigo hauserereki tena, unaporomoka.

Istilahi zinazopendekezwa

Kisafirishi: chombo chochote kilichowekwa mahali pamoja ili kupitishia mizigo mfululizo.

Kisafirishi cha mteremko: kisafirishi ambacho mzigo huenda kwa uzito wake wenyewe kutoka juu kwenda chini.

Mserereko: mfereji laini usio na rola, ambao mzigo huserereka ndani yake.

Njia ya rola: fremu yenye rola zilizokingama, ambazo mzigo hupita juu yake.

Njia ya magurudumu: fremu yenye magurudumu madogo yanayozunguka kila moja peke yake.

Rola ya kona: rola yenye umbo la pia lililokatwa ncha, iwekwayo penye kona.

Rola ya breki: rola inayopunguza mwendo wa mzigo njiani.

Kizuizi: kitu kinachousimamisha mzigo mwishoni mwa njia.

Nafasi ya rola: umbali kutoka kiini cha rola moja hadi kiini cha rola inayofuata.

Kimo cha kutwikia: kimo cha kisafirishi kutoka sakafuni pale mzigo unapowekwa.

Kimo cha kutulia: kimo cha kisafirishi kutoka sakafuni pale mzigo unapoondolewa.

Istilahi mbili za mwisho ndizo ambazo tungependa zaidi wasomaji wazipime. Hati nyingi hutaja kimo kimoja tu cha chombo. Tukiwa na majina mawili, mwandishi wa hati atalazimika kutafuta vipimo viwili, na akivitafuta atamkuta mtu amesimama kila upande.

Hitimisho

Istilahi tulizozitoa ni mapendekezo, bado hazijasanifiwa. Rola, fremu, ekseli, beringi na breki tumeziacha kama zinavyosemwa katika karakana, maana mafundi wamekwisha kuzikubali. Mserereko, kutwika na kutua tumezichukua katika hazina ya lugha yenyewe. Walimu wa shule za ufundi, wafasiri wa hati za serikali na hasa wale wanaofanya kazi bandarini na katika mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji wanaombwa watuletee maoni yao, pamoja na majina wanayoyatumia wao. Kama kuli ana jina lililo wazi kuliko letu, lake ndilo litakalofaa kupelekwa mbele.